Nyuzi Kumi na Tisa

Mlingoti ulianguka Agosti, saa tisa na robo mchana,
taa ya onyo pale Szigliget ikipepesa
kama jicho lililoingiwa na mchanga.
Hakuna aliyeumia. Ottó alipoteza miwani
na imani yake kwa chuma.

Sasa ni Machi. Barafu ya ziwa Balaton imekatika vipande,
inasagana ukingoni kwa mlio wa glasi kabatini.
Katamarani yetu imekaa nyasini,
matumbo yake mawili juu ya matairi ya trekta,
na mlingoti mpya umelazwa kando yake
kama mgonjwa anayengoja kuitwa jina.

"Waya mnene," asema Ottó. "Ule mwembamba umetuaibisha.
Milimita tano. Basi, nne. Siyo tatu tena."
Ameendesha tramu Budapest miaka thelathini na moja;
kwake yeye kizito hakitoki relini.

Mimi kazi yangu ilikuwa meno.
Ncha iliyokatika niliichukua nyumbani, nikaiweka chini ya lenzi.
Waya mzima ulikuwa safi, unang'aa kama siku ya kununuliwa.
Ila pale ulipoingia kwenye kibano,
mahali ambapo maji huingia yasitoke,
nyuzi kumi na nne kati ya kumi na tisa
zilikuwa na ufa wa zamani, wa rangi ya chai.
Tano tu ndizo zilizokatika siku ile.
Tano zilitubeba Julai nzima,
nasi tukila cheri, tukitemea kokwe majini.

Haya nimeyaona mara ngapi:
taji la dhahabu, chini yake jino limekwisha,
na mgonjwa akiapa, "Lakini halijawahi kuuma, daktari."

Dukani Siófok, Vendel alitutandazia aina mbili mezani.
Ule wa saba mara saba ni laini, unajikunja mkononi kama paka.
"Huu ni wa kupita kwenye kapi," akasema,
"ukiufunga mlingotini utavutika, utavutika, mtakaza hadi mzeeke."
Wa pili, kumi na tisa zilizosokotwa pamoja,
mgumu, mkaidi, ukiuachia unakuchapa uso.
Nikaununua huo. Milimita tatu. Mita ishirini na mbili.

Ottó hakusema neno hadi Fonyód.

Nikamwambia garini: mashua ya tumbo moja hulala,
upepo ukamwagika juu yake ukapita.
Yetu haijui kulala. Imetandaza miguu, inabisha,
na ubishi wote ule unashuka kwenye waya,
kutoka waya kwenye pini, kutoka pini kwenye bamba,
na bamba limeshikwa na boliti nne katika ubao wa miaka arobaini.
Ukinenepesha waya, umehamisha tu mahali pa kuvunjika.
"Na uzito ule wa juu," nikaongeza, "nani ataubeba?"
Akawasha redio.

Nyaya za zamani tulizining'iniza kwenye misumari miwili ya lango,
tukapima kutoka tundu hadi tundu,
tukapima tena, kwa sababu chuma kilichokatwa hakina samahani.
Mkasi ulilia mara moja. Kibano kilihitaji sisi wote wawili,
yeye akilalia mpini wa juu, mimi wa chini,
vifua vyetu vikikoroma kama milango.
Kila ncha niliichunguza kwa kioo changu kidogo cha mdomoni.
Ottó akacheka, mara ya kwanza tangu Agosti.
"Ipige na sindano ya ganzi."

Jioni mlingoti ulisimama.
Niligonga waya wa kulia kwa ukucha: ukajibu.
Wa kushoto ukajibu chini kidogo, kama mtu mwenye mafua.
Ottó akashika spana akaze.
Nikamshika kifundo cha mkono.
"Uache. Huo utapata zamu yake upepo ukigeuka."

Akaurudisha mkono mfukoni,
na humo nikasikia kitu kikigonga funguo zake:
ile ncha. Sikujua lini aliichukua mezani kwangu.